Wananiita volontia, lakini kazi ni ya kila siku. Naruhusiwa kujiunga na chama?

Shikamoo Mama,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi mkoa wa Shinyanga. Tangu 2019 nafanya kazi na asasi moja inayohudumia watoto waishio katika mazingira hatarishi. Kazi yangu ni kutembelea kaya na kujua mtoto gani haendi shule, nani kaacha dawa, nani anapigwa, nani anatafutiwa mume. Nikikuta jambo zito naandika rufaa na kumsindikiza mtoto dawati la jinsia, au kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Nilipoanza nilikuwa na kaya 30. Sasa nina 71.

Kwenye karatasi mimi si mwajiriwa. Nasaini makubaliano ya kujitolea ya miezi sita sita, na napewa posho ya shilingi 150,000 kwa mwezi, ambayo hutokea ikachelewa hadi mwezi wa pili. Hakuna NSSF, hakuna bima. Lakini ripoti lazima iwe imeingia kwenye kishikwambi kila Ijumaa kabla ya saa kumi jioni, nikichelewa naandikiwa barua ya onyo. Fulana ya asasi nimepewa, kitambulisho nimepewa, na nikipatwa na msiba naomba ruhusa kwa msimamizi kabla ya kusafiri. Nauli ya bodaboda natoa mfukoni mwangu. Vijiji vyangu vya mwisho, mvua ikinyesha, wanataka elfu nane kwenda na kurudi.

Mwezi Machi mwenzetu alianguka na pikipiki akitoka kumtembelea bibi mmoja anayelea wajukuu. Alivunjika mguu. Tukaambiwa asasi haiwezi kugharamia matibabu kwa sababu yeye si mfanyakazi. Tulichangishana sisi kwa sisi. Mpaka leo anachechemea, na kaya zake tumegawiwa sisi.

Hapo ndipo tulipoanza kuzungumza. Wilaya nzima tuko 26. Nilifungua grupu la WhatsApp nikaandika kwamba tutafute chama cha wafanyakazi kitutetee. Haukupita muda mratibu akaniita ofisini, na ujumbe wangu anao kwenye simu yake. Hakunifokea. Alisema kwa upole kwamba sisi ni familia, kwamba tangu Marekani isimamishe misaada mwanzoni mwa 2025 wafadhili wamekuwa wa kubembelezwa, na wakisikia habari za chama mradi utafungwa. Halafu akaniuliza, "Wale watoto wako utawaambia nini?"

Mama, swali hilo linaninyima usingizi. Kuna binti wa miaka 14 ambaye baba yake mdogo alishapokea ng'ombe wa mahari. Tulihangaika na mtendaji wa kata na polisi mpaka ndoa ikavunjwa, na leo yuko kidato cha kwanza. Akipata shida usiku ananibipu mimi. Nikiondoka, atambipu nani?

Mume wangu anasema niache nikauze mitumba, faida yake inazidi hiyo posho. Mama mkwe anasema mambo ya vyama ni siasa. Wenzangu kadhaa wameshajitoa kwenye grupu kimyakimya. Naomba unishauri: mtu anayeitwa wa kujitolea anaweza kujiunga na chama cha wafanyakazi? Wakinifukuza nina haki gani? Na kudai, je, ni kuwasaliti watoto?

Mhudumu wa Kata


MAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mzigo, na mwenzenu mfikishie pole zangu.

Naanza na swali lako la mwisho, maana ndilo lililokufunga mdomo. Kudai haki yako si kuwasaliti watoto. Mtu mwenye kaya 71 hawezi kuzihudumia inavyotakiwa hata awe na moyo wa namna gani. Hesabu siku za kazi za mwezi mmoja, ondoa za vikao na za ripoti, kisha gawanya zilizobaki kwa kaya zako. Utakuta kuna nyumba unapiga hodi, unajaza fomu, unaondoka. Na wewe unajua kuliko mimi kwamba mtoto anayepigwa hasemi siku ya kwanza. Anasema safari ya nne au ya tano akishakuzoea, tena mkiwa mnachambua mchicha na mama wa kambo kaenda kuteka maji. Kukaa pale mpaka mtoto aseme ndiyo kazi yenyewe. Kila kaya mpya inayoongezwa kwenye orodha yako inakula muda huo.

Kwa hiyo mkikaa mezani na asasi mkadai idadi ya kaya iwe na ukomo, mnadai kitu kinachomlinda mtoto. Mkidai nauli, mnadai kijiji cha mwisho kifikiwe wakati wa masika. Mkidai malipo ya kuishi, mnadai mhudumu abaki, ili yule binti asilazimike kusimulia upya habari za ng'ombe na baba yake mdogo kwa mgeni kila baada ya mwaka. Swali la mratibu lina mwenyewe wa kulijibu, na mwenyewe ni asasi: watoto wataambiwa nini pale mhudumu wao anapovunjika mguu, hatibiwi, na kaya zake zinarundikwa kwa aliyekwisha kuelemewa?

Mratibu simchukii. Yawezekana naye ana mkataba wa mwaka mmoja na mfadhili anayempigia simu kila wiki. Na ukata anaousema ni wa kweli. Januari 2025 miradi iliyotegemea fedha za Marekani ilisimama ghafla, na watu waliamka wakaambiwa wasirudi kazini. Lakini tukio lilelile linatufundisha kinyume cha alichokuambia. Mwajiriwa akipunguzwa kazi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri atoe taarifa, aeleze sababu, na ashauriane na chama kinachotambuliwa mahali pale pa kazi. Kuna na kiinua mgongo, mshahara wa siku zisizopungua 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Mwenye karatasi ya kujitolea huambiwa asante na kukabidhi kishikwambi. Fedha zikiwa za mashaka, ndipo mtu anapohitaji zaidi kujua yeye ni nani kisheria.

Na wewe ni nani? Hapa nisome taratibu, kwa sababu ndipo penye kamba yako ya kushika. Bunge letu lilipotunga Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004, liliweka kifungu cha 61 kinachosema ni nani achukuliwe kuwa mfanyakazi. Kifungu hicho hakisomi kichwa cha makubaliano yenu. Kinatazama hali ilivyo. Je, namna unavyofanya kazi inaelekezwa na mwingine? Saa zako zinapangwa na mwingine? Wewe ni sehemu ya shirika? Kwa miezi mitatu iliyopita umefanya kazi wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi? Unamtegemea huyo kwa kipato? Vifaa vya kazi anakupa yeye? Unamfanyia kazi yeye peke yake? Likiwepo hata moja kati ya hayo, sheria inakuhesabu mfanyakazi mpaka mwajiri athibitishe vinginevyo. Mzigo wa kuthibitisha uko kwake.

Sasa rudi kwenye barua yako. Ripoti ya Ijumaa kabla ya saa kumi: unaelekezwa. Barua ya onyo: asiye mfanyakazi anaonywa kwa lipi? Ruhusa ya kwenda msibani, fulana, kitambulisho, kishikwambi. Saa 45 kwa mwezi, wewe nadhani unazimaliza kabla wiki ya pili haijaisha. Wapo watu wa kujitolea wa kweli na nawaheshimu sana: kijana anayekuja Jumamosi kuwafundisha watoto hesabu, na Jumamosi asiyokuja hakuna anayemuuliza. Wewe huko uliondoka zamani.

Jibu la swali la kwanza basi ni ndiyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na kushiriki shughuli zake halali. Asasi inaweza kubisha kwamba ninyi si wafanyakazi, na huenda ikabisha. Ikibisha, hilo ndilo litakuwa shauri lenu la kwanza, na kifungu nilichokusomea kiko upande wenu.

Chama gani? Msianzishe cha kwenu. Sheria inahitaji wafanyakazi 20 tu kuanzisha, na ninyi mko 26, kwa hiyo najua kuna mtu atalileta wazo hilo. Likataeni. Chama kipya hakina mwanasheria, hakina gari, hakina anayejulikana Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, chombo kinachoshughulikia migogoro ya kazi. Nendeni CHODAWU, Chama cha Wafanyakazi wa Hifadhi, Hoteli, Majumbani, Huduma za Jamii na Ushauri. Huduma za jamii zimo ndani ya jina lake. Kama asasi yenu kwa sehemu kubwa ni ya afya, waulizeni pia TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya. Vyote viwili viko chini ya TUCTA, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na mkigonga mlango usio wenu mtaelekezwa ulio wenu.

Kuna sababu nyingine ya mimi kukitaja CHODAWU. Hicho ndicho kimehangaika miaka mingi na wafanyakazi wa majumbani, mabinti walioambiwa na matajiri wao, "Wewe hapa ni kama mwanangu, mkataba wa nini?" Unaisikia sauti ya mratibu humo? Sisi ni familia. Katika familia, mtoto akivunjika mguu anapelekwa hospitali.

Kuhusu namna ya kuanza, lifunge hilo grupu la WhatsApp. Usilifungue jingine. Mazungumzo haya yanafanywa ana kwa ana, wawili wawili, siku ya gulio au baada ya kikao cha mwezi mnapongoja usafiri. Waliojitoa usiwanunie, wameogopa tu. Mwache kila mmoja aseme kero yake kwanza, kabla hujataja chama. Mmoja kero yake ni nauli, mwingine ni yule mlevi aliyemtishia kwa panga alipokwenda kuulizia mtoto, mwingine ni posho kuchelewa wakati ada ya shule inadaiwa. Ukishazisikia utajua mtaanza na lipi. Na mwombeni afisa wa chama aje azungumze nanyi nje ya ofisi, siku isiyo ya kazi.

Kila anayekubali atajaza fomu ya TUF 6, inayomruhusu mwajiri kukata ada ya chama kwenye malipo yake. Ada huwa asilimia ndogo ya mshahara; ulizeni kiwango kabla ya kusaini na mwelezane wazi, maana kwa mtu wa 150,000 kila shilingi ina kazi yake. Wengi wenu mkishajiunga, yaani zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa kundi lenu, chama kina haki ya kutambuliwa kuwa msemaji wenu pekee katika majadiliano. Chama kitampa mwajiri taarifa, naye ana siku 30 za kukutana nacho. Akikataa, jambo linakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA, na likishindikana huko kuna Mahakama ya Kazi. Habari za mgomo msizitaje kabisa kwa sasa. Mgomo una taratibu zake, kuanzia usuluhishi hadi kura na notisi, na kama baadhi yenu mnahesabika katika huduma za afya una vizuizi vyake. Neno moja la mgomo likidondoka mapema litawapa sababu ya kuwatenganisha.

Msimamizi wako wa kata pia usimwone adui. Sheria inawatenga menejimenti ya juu tu na chama cha wafanyakazi wa kawaida. Anayekusanya vishikwambi vyenu Ijumaa na kulala saa sita usiku akisahihisha takwimu si menejimenti ya juu. Anaweza kuwa mwanachama mwenzenu.

Sasa ushahidi, na hapa nakuomba unisikilize vizuri. Weka nakala za makubaliano yote uliyosaini tangu 2019. Weka barua za onyo, weka jumbe za simu zinazoonyesha posho ilivyoingia na tarehe zake, weka ratiba ulizopangiwa. Nunua daftari, uandike kila siku umetoka saa ngapi, umerudi saa ngapi, nauli kiasi gani. Lakini usipige picha jalada hata moja la mtoto. Usitaje jina la mtoto, la mzazi wala la kitongoji kwenye daftari hilo. Andika "kaya ya kwanza, kaya ya pili" basi. Watoto hao wamekuamini na siri zao, na sheria zinazilinda, ikiwemo ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Pia siri ikivuja, asasi itakuwa imepata sababu halali ya kukuondoa, na hapo hakuna chama kitakachokuokoa.

Wakikufukuza je? Kuwa mwanachama au kushiriki shughuli halali za chama si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi, sheria imelisema hilo kwa maneno yake. Wanaweza kuja kwa mlango mwingine, wakangoja miezi sita iishe wasikuongezee. Wewe umeongezewa tangu 2019 bila kukatizwa, una kila sababu ya kutarajia kuongezewa tena, na sheria inahesabu kutokuongezewa katika hali kama hiyo kuwa ni kuachishwa kazi. Shika muda tu. Malalamiko ya kuachishwa kazi yanapelekwa CMA ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Kuna fomu namba moja ya kujaza, hulipii, na afisa wa chama anaweza kukuwakilisha. Wengi wenye haki zao hupoteza kwa kungoja mratibu apoe hasira mpaka siku zinapita.

Lakini sitaki nikudanganye kwamba ukishinda ubishi wa jina, fedha zitamwagika. Bajeti ya mradi unaoendelea imekwisha kupitishwa na huenda kweli haina pa kukata mishahara kamili kwa watu 26. Kwa hiyo mezani mwende na mambo ya aina mbili. Yapo yanayowezekana sasa: ukomo wa kaya, nauli kulipwa kwa safari iliyoandikwa, kutokwenda peke yako kwenye nyumba iliyokwisha kutoa vitisho, posho kutoka tarehe moja inayojulikana. Na yapo ya andiko lijalo la kuomba fedha kwa mfadhili. Mfadhili hulipa kilichoandikwa. Asasi ikiandika watu wa kujitolea na posho, ndicho itakachopewa; ikiandika waajiriwa, mshahara usiopungua kima cha chini cha sekta, michango ya NSSF na ya fidia kwa wafanyakazi, kuna wafadhili watakaokubali na wengine watapunguza shughuli ili walipe. Dai chama kiingie kwenye mazungumzo kabla andiko halijatumwa. Chama kikishatambuliwa, mwajiri anawajibika kutoa taarifa zinazohitajika ili majadiliano yawe ya maana, bajeti zikiwemo. Isitoshe, Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002 inayataka mashirika yaandae taarifa ya mwaka na hesabu zilizokaguliwa. Ziombeni mzisome. Tazameni magari, tazameni semina za hotelini, halafu tazameni mstari wenu.

Ninayo hasira kidogo hapa, na naiacha ionekane. Nchi hii ina mipango mizuri ya kuwalinda watoto na wanawake, MTAKUWWA kwa mfano, ule wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi yao, na kila mpango unamalizikia kwenye miguu ya mtu wa kata. Mwanzoni mwa 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ikitambua kwamba kazi hii ya nyumba kwa nyumba inahitaji mtu aliyefundishwa na anayelipwa. Basi asasi zisibaki nyuma zikitumia huruma ya akina mama kama ruzuku isiyoandikwa popote.

Mumeo ana haki ya kuwaza chakula cha watoto wake. Mwombe akupe muda, na mwonyeshe hilo daftari la nauli mwisho wa mwezi, aone umeichangia asasi kiasi gani kutoka jikoni kwake. Nadhani atageuka kuwa mtetezi wako. Mama mkwe mwambie kwa adabu kwamba chama hiki hakigombei ubunge.

Mwenzenu wa mguu asingoje mambo haya yote. Ajali kazini ina mfuko wake, WCF, ulioanzishwa kwa sheria ya 2008, ambao mwajiri ndiye anayeuchangia na mfanyakazi hakatwi kitu. Kwake kila kitu kinasimama kwenye hoja ileile kwamba ni mfanyakazi, kwa hiyo aende na afisa wa chama, asiende peke yake. Achukue karatasi za hospitali, PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, kama alipewa, risiti zote hata za panadol, na ratiba ya siku ile inayoonyesha alitumwa kwa bibi yule. Aliyembeba pikipiki na waliomwokota waandike walichoona wakati bado wanakumbuka. Wiki hii hii, mwanangu, kabla ya kumwona mtu mwingine yeyote wa hao 26.